Kikombe cha Mbele

Alasiri moja, Fikriya alikuwa akikunja taulo za harusi ya binti yake, Sabrin, ndipo miguu yake ilipoacha kufika sakafuni. Alikuwa amekaa kwenye kiti kile kile cha siku zote. Aliitazama miguu ikining'inia, kisha akaendelea kukunja.

"Mama, umepungua," Sabrin alisema.

"Nimeacha sukari kwenye chai. Sukari ndiyo imezaa mabakuli yale ya buluu."

Mtaani kwao Mahalla, vyombo vya bibi harusi hupakiwa kwenye malori ya wazi na kuzungushwa polepole, ili kila aliye dirishani ahesabu. Jirani wa ghorofa ya tatu alimnunulia bintiye friji kwa mkopo, akashindwa kulipa. Sasa binti humpelekea chakula gerezani. Kwa hiyo Fikriya aliapa kutokopa, bali kuishi kwa mshahara wake wa kiwanda cha nguo na kubana panapobanika.

Alipoacha nyama, zikapatikana sufuria, naye akawa anafika kiunoni mwa Sabrin. Kiwandani msimamizi alimwekea kigoda, akakata bei yake kwenye mshahara. Alipoacha dawa ya presha, likaja kabati la vioo la vikombe vya wageni. Sabrin akaanza kumpandisha mama yake kitandani.

"Turudishe kabati, Mama. Ragabu hajali vikombe," Sabrin alisema juu ya mchumba wake.

"Ragabu hana mdomo. Mama yake ndiye mwenye mdomo."

Mama Ragabu alikuja, akanywa chai, akalitazama kabati juu hadi chini. "Seti moja tu ya kahawa? Hata binti wa muuza figili alitoka na mbili." Kisha akamtazama Fikriya kwenye mto wake. "Lakini wewe dada umepungua vizuri. Hebu nipe siri."

"Bajeti," Fikriya alijibu, wote wawili wakacheka. Sabrin aliondoa glasi mezani.

Wiki hiyo Fikriya aliacha chakula cha jioni. Seti ya pili ikaja.

Siku ya malori, Sabrin alimtafuta mama yake kila chumba. Alimkuta ndani ya kikombe cha seti ya pili, amekunja magoti.

"Teksi ni pesa," mama alisema. "Wewe nishike tu, usinimwage."

Sabrin alikaa mbele, karibu na dereva, kikombe mapajani. Wanawake madirishani walihesabu kwa sauti, wakapiga vigelegele. Hakuna aliyepata kasoro.

Nyumbani kwa mume, Mama Ragabu alipanga kabati mwenyewe.

"Hicho kina mama yangu," Sabrin alisema.

"Nakiona, mwanangu. Basi kitakaa mbele." Akafunga mlango wa kioo kwa sababu ya vumbi, ufunguo akautia kifuani.

Kila asubuhi Sabrin alikunywa chai mbele ya kabati, na mama yake alimpungia mkono. Siku moja alirudi kutoka kwa daktari, akasimama pale pale.

"Ni msichana, Mama," alisema. Kisha akakirudisha kijiko cha sukari kwenye mkebe bila kukimimina.

Ndani ya kabati, Fikriya alisimama kikombeni, akaruka nje, akaanza kupiga kioo kwa ngumi zote mbili. Sauti yake ilikuwa ndogo, kama kijiko kikigusa glasi nyumba ya pili.

Sabrin alikaa kitini, akanywa chai yake. Miguu yake bado ilifika sakafuni.