Sifuri Chini ya Mapanga

Kwa miezi minane niliandika sifuri, na wala sikuona haya. Kazi yangu ilikuwa kutembea kila asubuhi, saa moja kamili, chini ya mitambo sita ya upepo nikitafuta popo waliokufa. Kila mnara una duara la kokoto nyeupe kuzunguka mguu wake. Nililipita duara lote kwa mistari, macho chini, kama mtu aliyedondosha pete, kisha nikaandika: mnara wa kwanza, sifuri, wa pili, sifuri, mpaka wa sita. Dereva wa kituo akanibandika jina la Mama Sifuri, na jina likanasa. Siku mbili nilicheka naye. Ya tatu nikamwambia akilitamka tena, gari lake atalibeba kichwani. Nina hasira za karibu, sifichi.

Ukweli ni kwamba zile sifuri zilinipendeza, na Meneja alizipenda kunishinda. Kibali cha kituo kilisema wazi: wakiokotwa zaidi ya popo ishirini kwa mwaka, mapanga ya mitambo yatasimamishwa kila jioni yenye upepo mdogo, maana ndizo jioni ambazo popo huruka kwa wingi. Bila popo waliokufa, mapanga yanazunguka, na Mama Sifuri anaonekana mfanyakazi hodari. Popo wenyewe sikuwajali. Kwangu popo alikuwa panya aliyekosa adabu akaota mabawa.

Mlinzi wa usiku pale kituoni alikuwa mjomba wangu. Ndiye aliyenilea tangu nikiwa na miaka sita. Miaka thelathini alifagia wodi za hospitali, na mpaka leo kitanda chake hukitandika sawasawa kiasi kwamba unaogopa kukikalia. Alipostaafu alianza kunyong'onyea nyumbani, nikamwombea kazi, akaanza wiki ile ile niliyoanza mimi. Siku ya kwanza nilimfunga vifungo vya sare mwenyewe nikamwambia, "Mjomba, hapa wanapenda usafi. Usije ukanitia aibu." Akaniambia nisijali. Sikujali.

Kisha akaja mtaalamu wa popo, binti mwembamba tuliyemwita Daktari ingawa hajawahi kumchoma mtu sindano. Akasoma daftari langu ukurasa kwa ukurasa, halafu akaniuliza kama nina nafasi jioni.

"Ya nini?"

"Nataka uwaone wakiwa hai."

Pango lilikuwa nyuma ya kilima, mwendo wa nusu saa kutoka kwenye mitambo. Tulikaa juu ya jiwe jua likizama, mimi nikipiga mbu na kunung'unika. Akatoka popo mmoja. Wakafuata watatu. Nikamwuliza Daktari kama ndiyo hayo tuliyochokea miguu. Sijamaliza kusema, pango likamwaga. Walitoka kwa maelfu, mfululizo, kama moshi wa jiko la kuni, na moshi ule ukajipinda angani, ukapanda, ukashuka, ukapita juu ya vichwa vyetu. Nilisikia upepo wa mabawa yao usoni. Sauti yake ilikuwa kama mvua nyepesi kwenye majani. Hakuna aliyemgonga mwenzake, na hakuna aliyenigusa hata unywele. Niliogopa, kisha nikasahau kuogopa. Nilipojitazama, mkono ulikuwa bado juu, pale pale nilipotaka kumpiga mbu.

"Kila jike hapa ana mtoto mmoja tu kwa mwaka," Daktari alinong'ona. "Amemwacha ananing'inia humo ndani. Akirudi atamtambua kwa sauti na harufu, gizani, kati ya maelfu."

Mimi mwanangu nilishapotezana naye sokoni kati ya watu thelathini, mchana kweupe. Sikumwambia.

"Mwaka juzi walikuwa elfu sita," akaendelea. "Sasa wamezidi elfu nne kidogo. Na hili ndilo pango lao pekee tunalolijua. Wanakwenda wapi?"

Nilikuwa nawatazama wanakokwenda. Mkia wote wa ule moshi ulikuwa umeshavuka kilima kuelekea kwenye mitambo yetu. Upepo ulikuwa mdogo. Kwa mbali ungedhani mapanga yanazunguka kwa uvivu, lakini ncha zake hukata hewa kwa kasi ya kupita gari lolote.

"Na wewe huokoti hata mmoja?"

"Hata mmoja," nikasema, na kwa mara ya kwanza neno hilo halikunipendeza.

Siku tatu baadaye niliitwa kwenye kontena tunalolitumia kama ofisi. Daktari alikuwa ameinamisha kichwa. Meneja alikuwa anakoroga chai iliyokwisha poa.

"Jana jioni niliweka panya kumi waliokufa kwenye yale maduara," Daktari akasema. "Ni jaribio la kawaida, kila mtafutaji hupimwa hivyo. Leo asubuhi umeokota wangapi?"

Damu ilinichemka mpaka masikioni. Nilikuwa nimeandika sifuri.

"Ama macho yako yana tatizo," Meneja akasema, "ama hutembei kabisa, unajaza daftari ukiwa umekaa."

Niseme ukweli, lile la kukaa ndilo lililoniuma. Nilimwambia mambo ambayo siwezi kuyaandika hapa. Daktari akanishika mkono akasema jaribio litarudiwa kesho, na nikishindwa tena, kazi itabidi apewe mtu mwingine. Nilitoka nimenuna. Nikaapa kwamba mnyama anayeniibia mizoga nitamkamata mwenyewe, awe fisi, paka au shetani.

Kesho yake saa kumi na moja alfajiri nilikuwa nyuma ya dirisha la kontena, chupa ya chai mapajani. Kulikuwa na mwanga kidogo tu upande wa mashariki. Nikaona taa ya tochi karibu na mnara wa tatu. Ikatembea taratibu, mstari kwa mstari, kama ninavyotembea mimi, tena kwa uangalifu kunizidi. Kisha nikasikia sauti niliyoijua tangu utotoni, sauti iliyokuwa ikiniamsha kila siku kabla ya shule. Fagio.

Nilitoka mbio.

"Mjomba! Unafanya nini?"

Akashtuka, kisha akatabasamu. Tochi kwapani, mkono mmoja fagio, mwingine beleshi dogo, na kwenye beleshi popo mmoja na panya mmoja mwenye uzi mwekundu mguuni.

"Hujaniamkia," akasema.

"Shikamoo. Unafanya nini?"

"Marahaba. Si nafagia? Nyinyi mnafika saa moja, na wageni wakati mwingine wanakuja. Wakute uchafu? Ila siku hizi mambo yamezidi. Jana nimeokota panya kumi, wote wamefungwa uzi. Uchafu wa kisasa huu."

Nilikaa chini kwenye kokoto.

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza. Wewe si ndiye uliyeniambia wanapenda usafi?"

Hapo ndipo maneno yangu mwenyewe yaliponirudia, na vifungo vya sare, na jinsi nilivyojiona mwerevu siku ile. Nilitaka kumfokea. Nikamwuliza tu amewatupa wapi.

"Kuwatupa?" Alionekana kuumia. "Njoo."

Nyuma ya stoo, chini ya ukuta, kulikuwa na vishimo sita vilivyofunikwa kwa udongo uliosawazishwa vizuri, kila kimoja na kipande cha bati chenye namba. Kimoja kwa kila mnara. Alisema hospitalini kila wodi ilikuwa na pipa lake, na ukichanganya unakosesha watu kazi.

"Mwanzoni nilitaka kuwapeleka jalalani," akasema. "Halafu nikamwangalia mmoja. Lete mkono wako."

Akaniwekea yule popo kiganjani. Alikuwa mwepesi kiasi kwamba nilihisi joto la mkono wangu kuliko uzito wake. Mjomba akachukua ncha ya bawa kwa vidole viwili, akalifungua polepole, akamulika tochi kwa nyuma. Ngozi ilikuwa nyembamba, mwanga ukapita. Na ndani ya bawa nikaona kidole. Nikaona kingine. Vidole vinne virefu, vyembamba, vimetandaza ngozi ile, na juu kabisa dole gumba dogo lenye ukucha.

"Umeona? Ana mkono," Mjomba akasema. "Nimeona mikono mingi hospitali, mama. Mwenye mkono huwezi kumtupa jalalani."

Nilimshika yule popo mpaka kukapambazuka. Nilikuwa nimetembea miezi minane nikiwatafuta viumbe hawa, na sikuwahi kujua wanaruka kwa vidole. Nililia, na sikulia kidogo.

Kisha tukafukua. Tulitandaza gunia, tukapanga mifupa kwa mnara, Mjomba akihesabu kwa sauti kama anakabidhi zamu. Tulipomaliza walikuwa mia mbili na kumi na wawili. Na hao ni wa kwenye kokoto tu. Walioangukia kwenye majani marefu hakuna ajuaye.

Nilijua la kufanya na sikutaka kulifanya. Nikisema, kituo kina popo mia mbili wakati kibali kinaruhusu ishirini, daftari langu lote ni uongo, na Mjomba kazi hana. Nikinyamaza, nitamwomba asifagie tena, leo nitaandika panya wote kumi, kazi yangu itapona, na ile mia mbili itabaki udongoni. Mjomba alinitazama akaelewa. Yeye hunielewa kabla yangu.

"Wale wa pangoni," akasema, "wakipungua hivi, wataisha?"

"Wataisha."

"Basi twende ofisini. Ngoja ninawe mikono."

Meneja alitusikiliza amesimama. Alipoona gunia, akakaa. Alisema mlinzi afukuzwe leo hii. Nikapiga moyo konde.

"Aliyemwagiza afagie ni mimi," nikasema. "Hakuna mtu hapa aliyewahi kumwambia mimi natafuta nini asubuhi. Hata mimi sikumwambia. Niliona ni mlinzi, hayamhusu. Ukifukuza, anza na mimi."

Daktari alikuwa amepiga magoti mbele ya gunia, mikono yake haijui ishike nini. Meneja akainama kuchukua mfupa mmoja, mwembamba kama sindano ya kushonea, akauliza ni wa nini. Mjomba akamwonyesha kwenye mkono wake mwenyewe. "Hapa, bosi. Kidole cha shahada." Meneja akaukunja mkono wake, akaukunjua, akautazama muda mrefu. Sijui alifikiri nini. Najua kwamba hakuomba gunia lifichwe, na jioni ile ile alituma ripoti huku Daktari amesimama begani kwake.

Mimi nilipewa barua ya onyo kali. Mjomba alisimamishwa mwezi mmoja, akautumia kupaka chokaa nyumba yangu bila kuulizwa. Na ikaagizwa kwamba kuanzia machweo, upepo ukiwa chini ya mita sita kwa sekunde, mapanga yageuzwe ubavu yasishike upepo, yasimame.

Jioni ya kwanza ya amri hiyo tulikuwa watatu chini ya mnara wa tatu. Mjomba alikuwa amerudi siku hiyo hiyo, si kulinda tena, bali kutafuta pamoja nami. Daktari ndiye aliyemwombea. "Lile jaribio langu," alimwambia Meneja, "yupo aliyelifaulu. Panya kumi kati ya kumi, tena gizani."

Upepo ulikuwa wa kupeperusha leso tu. Juu yetu mapanga yakapunguza mwendo, yakapunguza tena, yakasimama. Sikuwahi kuusikia ule uwanja ukiwa kimya. Kisha wakatokea juu ya kilima, maelfu, anga likatikisika kwa wingi wao. Wakaufikia mnara wetu. Wakagawanyika, wakapita kati ya panga na panga, wengine karibu kabisa na chuma, wakaungana tena upande wa pili bila hata mmoja kupungua. Daktari alikuwa anahesabu, nikasikia ameacha.

Nikamgeukia Mjomba. Alikuwa amevua kofia.

"Mia mbili na kumi na wawili nimewazika," akasema, "na sikuwahi kumwona hata mmoja akiruka."

Kofia hakuivaa tena mpaka giza lilipotufukuza.

Asubuhi, saa moja kamili, tulianza mnara wa kwanza. Duara lilikuwa limejaa majani makavu na manyoya ya ndege, na nilimwona Mjomba vidole vikimwasha kwa kukosa fagio. Tulipita mistari yote, kisha tukapita tena kukatiza, yeye akiinama kwenye kila jani. Mnara wa kwanza mpaka wa sita. Jua lilikuwa limeshapanda tulipomaliza.

"Andika," akaniambia.

Nikafungua daftari. Neno ni lile lile nililoliandika miezi minane bila kufikiri, lakini safari hii niliandika polepole, herufi kwa herufi, Mjomba akinishikia daftari.