Salamu za Delphin

Ukitaka kumjua mtu wa Kalemie vizuri, usimtazame kanisani. Keti nyuma yake kwenye ukumbi wa video wa Papa Gaspard, Jumapili saa tisa alasiri. Mama aliyetoka misa na kilemba kipana ndiye atakayechagua benchi la mbele, wala hainamishi kichwa hata umpigie magoti. Yule aliyekwisha kuiona filamu hukaa katikati kabisa, apate kuwatangazia wote nani atakufa. Bati limejaa matundu ya misumari, na jua likipenya huwatia wacheza filamu madoa usoni. Jenereta inanguruma nyuma ya ukuta, na moshi wake huingia bila kulipa kiingilio.

Viviane aliyajua maudhi hayo yote, na bado kila Jumapili alikuja. Filamu zenyewe hazikumshughulisha. Alikuja kumsikiliza Delphin.

Zamani Delphin alikuwa mtafsiri wa ukumbi huu. Alisimama kando ya skrini na mikro mkononi, akawafanya Wachina na Wahindi waongee Kiswahili cha ziwani, akawatukana maadui kwa niaba ya watazamaji. Jioni alimsindikiza Viviane hadi kwao, na njiani bado alikuwa anatafsiri: mbuzi aliyepita, askari aliyepiga mwayo. Viviane alicheka hadi akashika ukuta. Kisha mtu mmoja wa Kigoma akamwita akarekodi tafsiri za filamu huko, ng'ambo ya ziwa, miezi miwili tu, halafu arudi apeleke posa kwa kina Viviane. Sasa ni miaka mitatu. Simu yake haipatikani. Lakini filamu zinavuka ziwa kila mwezi ndani ya flashi, na sauti ni ile ile.

Tena Delphin ana mtindo wake: filamu ikipoa kidogo, anaingiza salamu. Amemsalimu Papa Gaspard, amewasalimu mabaharia, amemsalimu hata fundi viatu wa sokoni. Viviane hakuwahi kusalimiwa. Kila Jumapili alijiambia kwamba jina lake limewekwa kwa ajili ya filamu ijayo. Alimtamani mwanamume yule hadi akajionea haya.

Leo hakuwa na filamu ijayo ya kungoja. Ilunga, fundi pikipiki kutoka Manono, mtu mpole asiye na makuu, alikuwa ameleta posa. Asubuhi, wakitoka misa, Mama Blandine alimshika binti yake mkono.

"Mutoto wangu, Ilunga ni muntu muzuri. Mimi sitakusukuma. Lakini leo magaribi unipatie jibu. Wazee wake wamengoja ya kutosha."

"Ndiyo, Mama," alijibu Viviane. Moyoni alikwisha kujiwekea sharti: Delphin akitaja jina langu leo, nitakataa.

Filamu ilikuwa mpya. Salamu zilianza mapema. Papa Gaspard akatajwa, akainuka akapunga mkono kama mheshimiwa. Kisha sauti ikashuka, ikawa laini.

"Na pale Kalemie, kuna muntu mumoja siwezi kumusahau..."

Jenereta ikazimika.

Ukumbi mzima ukapiga kelele, na Viviane alikuwa wa kwanza. Alisali kwenye giza lile kuliko alivyosali asubuhi. Papa Gaspard alitoka, akaipiga teke jenereta, akaitukana, ikawaka. Akarudisha filamu nyuma kidogo.

"...kuna muntu mumoja siwezi kumusahau. Patrick, golikipa wetu! Patrick, mikono yako ingali mizima?"

Watu walicheka, wakapiga makofi. Viviane naye alipiga makofi, kwa kuwa mikono yake ilikuwa tayari imeinuka.

Hadithi ikaendelea hadi kituo cha treni. Mwanamume ameshika sanduku, mwanamke amesimama mbele yake. Mwanamume akaanza kusema kwa lugha yao, akasema kwa muda mrefu, na Delphin hakutafsiri.

"Tafsiri!" wakapiga kelele.

"Delphin amelala!"

Hakuwa amelala. Pumzi yake ilisikika kwenye mikro. Mtu ambaye hajawahi kukosa neno alikuwa amelikosa, na Viviane hakuhitaji kuambiwa kwa nini.

Mama wa kilemba akageuka nyuma, akamkazia macho Viviane kana kwamba ndiye mwenye filamu. "Eh, dada, huyu anasema nini?"

"Anasema hatarudi," Viviane akajibu. Sauti ilitoka kubwa kuliko alivyotaka. "Anasema alijua toka siku ya kuondoka."

"Aaa," watu wakasema, wakaridhika.

"Na mwanamuke? Anamujibu nini?"

Kwenye skrini mwanamke alikuwa bado amefunga mdomo. Viviane alingoja hadi midomo ile ikafunguka, akasema pamoja nayo:

"Anamuambia, ungesema tu. Nilikuwa ninakuja hapa kila Jumapili."