Kina cha Bandari Kwanza, Ngamia Baadaye

Uvumi ulimganda Saado kama kupe: eti ngamia mmoja alipelekwa kwa meli hadi visiwa vya Komoro, akaiona nchi ile kwa macho yake mawili, kisha akarudi Mombasa na meli ileile bila kukanyaga hata mchanga wake. Aliusikia Jumatatu sokoni Garissa akiuza maziwa. Kufikia Jumatano alikuwa ameusimulia mara nane, na wenzake walicheka wakashika mbavu.

Yeye hakucheka. Mwanawe Jelle, kijana wa miaka ishirini na mitatu mwenye masikio mepesi kuamini kila neno, alitaka kumuuza Gurre. Na Gurre ndiye ngamia pekee wa mizigo aliyebaki tangu mumewe Saado afariki. Mvua ikinyesha kwao Tarbaj, ni yeye anayebeba nyumba nzima, miti na mikeka yake. Akiuzwa, nyumba itahamishwa na nani?

“Hooyo, mama yangu, Komoro wana harusi kubwa sana,” Jelle alisema. “Bwana harusi akichinja ngamia, mji mzima unasimama. Na kisiwa hakina mpaka wa kuswagia mifugo. Mchele, saruji, ng'ombe, vyote vinaingia kwa bandari.”

“Bandari gani?”

“Moroni.”

“Mwanangu, bandari ni kisima tu. Kabla hujapeleka mifugo kisimani unauliza zamu ni ya nani, na kina ni pima ngapi. Umeuliza?”

Jelle akajikuna kisogo. Mustaf, dalali aliyemtia maneno hayo, akadakia, “Mama Jelle, wallahi unachekesha! Bahari yote ni maji, kina kitakosekana wapi?”

Saado akaenda kwa Adow, dereva wa lori aliyezoea kupakia mizigo bandarini Mombasa na kupiga soga na mabaharia.

“Kisiwa chao kingine kina bandari ya Mutsamudu,” Adow alisema huku akipuliza chai. “Pale meli kubwa inaegemea gatini. Moroni hapana. Meli inasimama mbali, mzigo unashushwa kwenye mashua, mashua ndiyo inauleta nchi kavu.”

“Na ngamia je?”

Adow akakiweka kikombe chini. “Mama, mabaharia walinisimulia habari za saruji. Saruji haina miguu.”

Siku ya pili Saado alimwongoza Gurre hadi Mto Tana, Jelle na Mustaf nyuma yake, na nusu ya soko nyuma yao. Mtumbwi wa mkulima mmoja ulikuwa umefungwa ukingoni.

“Huu mto ndio Moroni,” akamwambia Mustaf. “Huo mtumbwi ndio mashua. Mfikishe Gurre ng'ambo. Ukiweza, mchukue, sitatia neno.”

Mustaf akapandisha kikoi, akaruka mtumbwini, akavuta kamba. Gurre akatia mguu mmoja, akanusa. Akatia wa pili. Mtumbwi ukateleza mbele, miguu ya nyuma ikabaki nchi kavu, na mnyama akatanuka juu ya maji.

“Garissa imepata daraja la pili!” Rahmo, muuza mboga, akapaza sauti.

“Tuu! Tuu!” Mustaf akaamrisha, kama tunavyomwambia ngamia alale.

Gurre ana adabu zake. Akapiga magoti palepale. Pua ya mtumbwi ikazama, na Mustaf akaruka kama panzi, akatua majini na bahasha yake ya hati za meli kifuani.

“Mamba!” mtu akapiga kelele.

Lilikuwa gogo. Lakini Mustaf alitoka mtoni kabla kikoi chake hakijatoka.

Jelle alicheka mpaka akaketi chini. Kisha kicheko kikamkauka. Akamtazama Gurre aliyekuwa akitetemeka ukingoni, tope hadi kifuani, akamvisha kamba.

“Hooyo, twende nyumbani.”

Mvua iliponyesha, nyumba ilihamia Tarbaj mgongoni mwa Gurre, na Jelle mwenyewe ndiye aliyemwongoza.

Basi nyinyi wenye watoto wenye masikio mepesi, epukeni haya:

Kupeleka mnyama kwenye bandari usiyojua kina chake.

Kudhani bandari za nchi moja zote ni sawa.

Dalali anayecheka ukimuuliza swali.

Kuuza ngamia anayebeba nyumba.

Kupuuza uvumi kabla ya kumtafuta anayejua.

Kumwamuru ngamia apige magoti ukiwa umesimama mtumbwini.