Samaki Aliyefungishwa

Mimi hushona magauni ya wajawazito, na jicho langu halikosei. Mteja akikanyaga mlangoni tu najua ni miezi mingapi. Wengine nimewaambia kabla wenyewe hawajajijua. Kwa hiyo mume wangu aliponiambia samaki wake amevimba, nilimjibu bila hata kusimamisha cherehani.

"Umemlisha kupita kiasi, mzee. Mfungishe."

Mzee alistaafu mwaka jana, akahamia dukani kwangu na tangi lake la vioo. Wenzake huyo samaki walikufa mmoja mmoja, dume likamalizia mwezi uliopita, akabaki jike peke yake, mdogo kama kidole. Kila asubuhi anasalimiwa yeye kwanza, mimi baadaye. Nilinuna, sikatai. Basi mzee akamnyima chakula siku tatu kwa amri yangu, na aliyetia huruma zaidi alikuwa yeye, si samaki.

Siku ya nne nilikuwa nakata shela ya bibi harusi.

"Mke wangu, njoo. Anatoa vitu."

Nilitegemea mayai, samaki kaanza kuzaa lini? Kikatoka kitu kimejikunja, kikajinyoosha, kikawa samaki mzima mwenye macho, kikaogelea. Kikaja kingine. Kilipotoka cha tatu, mama yake akageuka akakimeza.

"Ana njaa," mzee alisema.

Hakunilaumu, na hapo ndipo iliponiuma. Mdomo huponza kichwa. Wangu uliponza tumbo la mwenzangu. Nilinyakua ile shela, nikakata kipande, nikakishonea kwenye duara la waya haraka haraka, kikawa kijiwavu. Mzee akawa anamtupia mama chembe za chakula kumshughulisha mdomo, mimi nachota kila anayetoka na kumtia kwenye bakuli. Tulilowa hadi viwiko. Sikumbuki lini mara ya mwisho tulifanya kazi moja mimi na yeye, na nilifurahi.

Walipona kumi na saba.

"Watoto wa marehemu," mzee alisema, akafuta macho kwa ncha ya shela ya mteja. Sikumgombeza.

Mara bibi harusi akaingia, akaiona shela yake mezani.

"Fundi, nani kaikata?"

"Mimi, na kesho utapata mpya. Ila keti, mwanangu, na uongee polepole," nilimwambia. "Humu ndani kuna mzazi."