Watoto wa Jumamosi

Jumamosi, tarehe kumi na nne Machi. Asubuhi ilikuwa na mawingu mazito, lakini mvua haikunyesha. Katika kliniki ya uzazi, watoto ambao mimba zao hazikushika walikuwa wamejipanga ukutani kama kawaida, viatu mkononi ili wasichafue sakafu. Mfagizi aliwaomba wasogeze miguu, wakasogeza.

Fundi cherehani aliingia na mama mkwe wake. Msichana mmoja alitoka ukutani akamshika fundi gauni. Alikuwa mtoto wake, wa jaribio la mwaka jana, mwenye paji la uso la baba yake.

"Shikamoo mama. Shikamoo bibi."

"Marahaba," alijibu mama mkwe, kisha akamgeukia fundi. "Ona paji la mwanangu linavyopotea bure. Tumbo lako pakacha, halishiki maji."

"Mama, homoni yako iko chini leo," msichana alisema. "Mara ile pia ilikuwa chini. Waambie wangoje."

Fundi alimkuta daktari akinawa mikono. Damu ya fundi ilikuwa imeshachukuliwa, lakini maabara husoma projesteroni, homoni ya kushikisha mimba, Jumatatu, na daktari hupandikiza mimba zilizotungwa maabara Jumamosi tu. Siku nyingine ana kazi kwingine.

"Basi tungoje majibu, daktari. Hiki ndicho kiinitete changu cha mwisho."

"Kimeshayeyushwa, mama. Hakirudi kwenye barafu. Unapanda kitandani, au nikitupe?"

Fundi alipanda, akasali huku meno yameumana. Mungu alisikia. Msichana naye alisikia, akarudi ukutani akaanza kumtengea mwenzake nafasi.

Jumatatu majibu yalitoka: kiwango kilikuwa chini mno. Jumamosi iliyofuata, fundi na mama mkwe waliporudi kliniki, kando ya msichana alisimama mvulana mwenye paji lile lile.

"Shikamoo bibi," alisema.

Mama mkwe alimshika mkwewe mkono, wakamfuata daktari hadi katikati ya ukumbi.

"Hawa ni damu yangu," alisema kwa sauti. "Nimemtukana mtoto wa watu bure, kumbe wapotezaji ni ninyi. Mtaanza lini kusoma damu kwanza?"

Daktari aliutazama ukuta wote, kutoka mlangoni hadi dirishani. Kisha akainua mkono mbele ya wauguzi, mfagizi na wanawake waliokuwa tayari wamevaa magauni ya kupandia kitandani.

"Ratiba haibadiliki," alisema. "Lakini naahidi mbele yenu nyote: Jumamosi ijayo watoto hawa watapata benchi."