Filimbi ya Pili

Usingizi unamchukua Shekue baada ya adhuhuri, juu ya mkeka, shati lake la zamani la sinema limetundikwa ukutani tayari kuvaliwa. Alasiri lori la watu wa filamu litakuja kumchukua. Miaka yote ya kifungo aliiombea siku hii, na sasa imefika anaiogopa kama mtoto anavyoogopa sindano. Anafumba macho, na palepale ukuta wenye shati unafunguka, barabara nyeupe inatoka humo, na miguu yake inaanza kwenda kabla hajaiambia iende.

Barabara haina mwisho. Inapinda, inarudi, inapita mji uleule, ila mara hii kushoto kumekuwa kulia, na kila dirisha ni kioo, na ndani ya kila kioo yumo Shekue kijana mwenye masharubu ya kubandika, yule Jambazi Sururu wa kwenye filamu ambaye watoto wa Korogwe nzima walikuwa wakimkimbia huku wakicheka. Mbele yake anatembea mtu asiye na uso, kipaza sauti mkononi. Shekue anamtambua kwa mwendo. Ni msemaji, aliyekuwa akipanda juu ya lori na kuwasemea watu wa kwenye shuka ya sinema, maana picha zao hazikuwa na sauti. Unanipeleka wapi, ndugu yangu, anauliza Shekue? Pale ulipoachia njiani. Mbona huna uso? Miaka yote nilikuwa sauti yako, bwana, uso ningeutumia wapi?

Wanatokea uwanjani. Shuka imetandazwa, watu wamejaa, nao hawana nyuso, na picha inaanza bila ya mtu kuiwasha. Mto. Sururu anamzamisha mwenye duka, na mwenye duka ni Mhina, rafiki yake wa kula sahani moja. Bwana wa filamu alikuwa na amri moja tu: filimbi ya kwanza anza, ya pili acha, na kabla ya ya pili hata nyumba iungue usiache. Wao wawili wakajiongezea yao kwa siri. Siku nzima tunaitana majina ya mchezo, alisema Mhina, lakini ukinisikia nakuita jina lako la nyumbani, ujue mambo yamekuwa kweli, niachie. Siku ile filimbi ya pili ilichelewa, na Mhina akafia majini. Mahakamani Shekue aliapa kwamba maji yalipiga kelele, hakusikia neno. Walimwamini nusu, wakamfunga. Yeye mwenyewe hajui hadi leo kama aliitwa jina lake, na asipojua atasimamaje tena mbele ya kamera?

Kwenye shuka kichwa cha Mhina kinaibuka, midomo inacheza, kinazama. Msemaji anamkabidhi kipaza sauti. Msemee. Shekue anakipokea. Chukua duka lote, Jambazi, niachie roho yangu, anasema, maana ndivyo mchezo ulivyotaka. Sivyo, wanasema watu wote kwa pamoja. Rudia. Picha inarudi nyuma na Mhina anazama upya. Jamani, muoneeni huruma! Muonee wewe, anasema msemaji, sisi tunatazama tu. Kichwa kinaibuka tena. Safari hii Shekue anaikodolea macho ile midomo, haibanduki machoni pake, na anajua, na amejua siku zote.

Shekue, anamsemea Mhina kwenye kipaza sauti.

Mto unamwagika kutoka kwenye shuka, unamfika magotini, kiunoni, mikono yake inaingia majini yenyewe na kukamata mabega ya mtu. Filimbi ya kwanza inalia. Anakandamiza. Anasubiri ya pili. Shekue! Shekue! Sauti inakatika kwa kukosa pumzi, na ni ya mwanamke, ni ya Mwanaidi mkewe, ambaye tangu kuolewa humwita Baba Zaina na hajawahi kulitamka jina lake kwa kumstahi. Anaona mkeka, anaona maji, vyote kwa pamoja. Mabega haya ni ya Mwanaidi au ya Mhina? Nje honi ya lori inalia, au labda ni mto. Hajui yuko upande gani, na filimbi ya pili haijalia.

Shekue anaachia.