Pumzi ya Bi Zeyana

Mwaka sabini na nne, Mwalimu Apolinaria aliposhuka Tabora kwenye basi la kutoka Nzega, sauti ilikuwa imemtoka kabisa. Haikukatika siku moja. Ilianza kukwaruza wakati wa mavuno, ikawa nzito kama ya mwanamume, kisha asubuhi moja pale shuleni kwake Lusu alifungua kinywa mbele ya watoto themanini, ukatoka upepo mtupu. Mchana alifundisha darasa la tatu, jioni kisomo cha watu wazima, Jumapili kwaya ya kigangoni. Na alipokuja mgeni yeyote wa chama, watoto walipangwa barabarani waimbe, yeye mbele yao.

Daktari alimmulika kooni, akaandika kwamba nyuzi za sauti zimevimba. Asiseme siku ishirini na moja, wala asinong'one.

Shangazi yake alikuwa amemtafutia chumba mtaa wa Ng'ambo, kwa Bi Zeyana, mjane wa Mzee Hamdun aliyekuwa mnunuzi wa nta na asali. Apolinaria alipiga goti la salamu, akamkabidhi karatasi ya daktari. Bi Zeyana aliisoma akiisogeza mbali na macho.

"Marahaba, mwanangu," alisema. "Sasa mbona umesimama hivyo? Nani anataka kukupiga?"

Apolinaria hakuelewa.

"Mabega yako. Yamefika masikioni."

Jirani mmoja, Swaumu, ndiye aliyemwambia kwamba Bi Zeyana alipokuwa kijana, hapakuwa na harusi Tabora iliyokamilika bila sauti yake. Lakini nyumbani mle hakuimba kamwe. Alidarizi kofia uani, kimya, na mgeni wake akachambua mchele, kimya.

Jumapili ya kwanza Apolinaria alikwenda kanisani. Kwaya ilipoanza, alihisi koo likijikaza lenyewe, ulimi ukipanda, kila noti ikimpita bila kutoka. Alitamani kuimba jinsi mtu mwenye kiu anavyotamani maji. Alirudi shingo inamuuma. Bi Zeyana akamshika kisogoni kwa vidole viwili.

"Umeimba?"

Akatikisa kichwa.

"Umeimba bila sauti. Mdomo umenyamaza, mwili haujui kunyamaza. Njoo."

Alimlaza chali juu ya jamvi, akamwekea kopo la mchele tumboni. "Linyanyue kwa pumzi. Usivute kwa nguvu, iache iingie yenyewe." Kopo halikutikisika. Kilichopanda ni kifua. Apolinaria aliomba kalamu, akaandika: *Nilifundishwa kubana tumbo na kutoa kifua mbele. Kwa fimbo.*

Bi Zeyana alisoma, akacheka kwa masikitiko. "Huyo alikuwa anatafuta askari."

Wakaendelea kila alasiri. Bi Zeyana alimgusa taya, akamwonyesha kwamba meno yamebanana hata akiwa amepumzika. Alimgusa mbavu za nyuma, mahali ambapo Apolinaria hakuwahi kujua kwamba pumzi hufika. Siku ya kumi na mbili kopo lilipanda, likashuka, likapanda tena, na ghafla machozi yakamtiririka kuelekea masikioni.

Alikuwa ameikumbuka siku ya kuhamia kijiji kipya. Juu ya lori aliwaimbisha watoto wasilie, huku akiitazama nyumba ya mama yake ikibaki nyuma, pamoja na kaburi la mama kando ya nyumba hiyo. Yeye mwenyewe hakulia. Aliimba kwa sauti kubwa kuliko wote.

Bi Zeyana aliliondoa kopo, akaweka kiganja chake palepale.

Jioni ile Apolinaria aliandika: *Niimbie.*

"Tangu Hamdun azikwe Kwihara sijaimba," alijibu. "Wala si huzuni, maana huzuni huimbika. Nikijaza pumzi, inafika hapa," akagusa chini ya kifua, "inarudi. Dawa ya wenzangu naijua. Yangu siijui."

Siku ya ishirini na moja daktari alisema uvimbe umenywea. Apolinaria alirudi Ng'ambo mbiombio bila kutamka neno, kwa sababu neno la kwanza alitaka kulisema kule. Bi Zeyana akamkalisha jamvini, naye akakaa nyuma yake, migongo ikagusana.

"Funga midomo. Guna tu, taratibu, kama unambembeleza mtoto."

Sauti ilitoka nyembamba, ikitetemeka, lakini ilikuwa yake. Akaisikia ikimwenea mgongoni. Pumzi ikamwishia, akanyamaza. Mgongo ukaendelea kutetema. Ndipo akatambua kwamba mguno ule haukuwa wake. Hakugeuka. Aliogopa kwamba akigeuka utakoma. Ulipokoma wenyewe, alisema, "Ahsante, mama," na hilo ndilo likawa neno lake la kwanza.

Aliporudi Lusu aliwalaza watoto sakafuni darasani, kila mmoja na daftari tumboni. Mwalimu Mkuu Alois alichungulia dirishani.

"Mwalimu, saa za kazi umewalaza?"

"Wanajifunza kuimba."

"Wamelala!"

"Subiri mwezi mmoja, mwalimu."

Alisubiri. Siku walipoimba, hakuna mtoto aliyepiga kelele, na sauti zao zikafika hadi kwenye mashamba ya pamba. Mwalimu Alois alisimama dirishani hadi wimbo ukaisha. Tangu siku hiyo hakumuuliza tena.

Apolinaria alitaka Bi Zeyana awasikie. Likizo ya Desemba alikwenda kumchukua. Mlango ulikuwa na kufuli.

"Amekwenda Maskati," alisema Swaumu. "Mwanawe alikuja kumchukua, wiki mbili sasa."

"Aliimba siku ya kuagana?"

"Tulimbembeleza. Akacheka tu."

Apolinaria aliketi barazani pale mpaka miguu ikafa ganzi. Alijaribu kukumbuka uso wa Bi Zeyana, lakini kilichomjia ni joto la ule mgongo.

Aliandika barua tatu. Baada ya Pasaka likaja jibu moja, kwa mwandiko wa mwanawe: mama hajambo, magoti yanamsumbua, anauliza kama watoto wanapumua vizuri. Juu ya kuimba, hapakuwa na neno. Aligeuza karatasi atazame nyuma, pakawa patupu, kisha kengele ikalia, akaenda darasani.